Tawi la Mugumo

Tata, dada wa baba yangu, alizikwa na vibarua waliotolewa Ruiru. Ukoo mzima ulikaa nyumbani, nami nikakaa, jembe langu likiwa nyuma ya mlango. Hukumu ile niliiandika mimi.

Tuna kijisitu chetu kando ya mto, nje kidogo ya Kamenu. Tulikitetea wenyewe dhidi ya wachimba mchanga na madalali wa ploti, na tata ndiye aliyelala mbele ya tingatinga wakati sisi wanaume tulikuwa bado tunapigiana simu. Baadaye tukaunda kamati, mimi nikiwa katibu. Sheria ilikuwa moja: anayekata mti mbichi humo atoe kondoo dume, na mpaka amtoe, hakuna wa kumsalimia, na akifa hakuna wa kumchimbia kaburi.

Asubuhi moja tulimkuta, panga mkononi, ameegemeza tawi la mugumo mkubwa, mti mtakatifu wa wazee wetu, kwenye mugumo mdogo.

"Sijaharibu, nimehamisha," alisema. "Hii mugumo ya wazee inakufa, imeliwa na mchwa. Lazima roho zao zihamie hii ingine kabla haijaanguka. Baba yangu alifanya hivi nikiona." Akanigeukia. "Si guka yako alikuonyesha? Waambie."

Babu alinionyesha. Nilikuwa na miaka tisa na nakumbuka hata koti alilovaa. Lakini wiki iliyotangulia tata alikuwa amenicheka mbele ya kamati nzima, kwamba natoka mtaa wa kitajiri wa Membley na viatu vya kung'aa kuja kulinda msitu, na siwezi kutofautisha muringa na parachichi. Watu walicheka hadi machozi. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma.

"Mimi sikumbuki, tata," nikasema.

Mwenyekiti akaagiza kondoo. Tata alikataa katakata, maana kumtoa kungekuwa kukubali kosa. Kwa miezi minane alitusalimia kanisani, nasi tukatazama pembeni. Mara ya mwisho alikuja mlangoni kwangu akikohoa.

"Sema tu ukweli," aliniomba. "Nataka nizikwe na watu wangu."

Nikamwambia nina mkutano. Sikuwa na mkutano wowote.

Mugumo mkubwa ulianguka mwezi mmoja baada ya mazishi. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayejua mila ilitaka nini. Hapo nikakumbuka yote, nikayaeleza vizuri mno. Akaniuliza mbona sikusema siku ile. Nilisema kumbukumbu huja inapotaka, wakaniamini, wakanipa kazi ya kufundisha watoto wa ukoo.

Nawafundisha kila Jumamosi. Tawi ninalowaonyesha ni lile la tata, tulilolichukua kuwa ushahidi. Nawaambia lilikatwa na guka.