Mbwa Aliyenyamazishwa

Mjini Dumaguete, Ufilipino, Rustico Tubilag alisifika kwa jambo moja: mbwa mkali akiingia uani kwake, baada ya wiki mbili alitoka mpole kama kamwagiwa maji. Kazi hiyo alijifunzia bandarini, alikofundisha mbwa wa walinzi, na kifaa chake kilikuwa mnyororo wa kubana shingo. Mbwa akinguruma, alivuta. Akinguruma tena, alivuta zaidi, mpaka mnyama aelewe kwamba sauti ile haitakiwi.

Mmoja wa mbwa waliopitia uani kwake alikuwa Kape, dume la rangi ya kahawa, mbwa wa Leonora Calumpang, fundi cherehani aliyeishi peke yake. Kape alikuwa akiwangurumia wateja. Rustico alimrudisha akiwa kimya, na Leonora akamshukuru kwa sahani ya wali mtamu.

Mwaka na nusu ukapita. Siku moja, kwa muuza samaki, Rustico akasikia kwamba Kape amemng'ata Leonora mkono wa kulia, vidole viwili havikunjiki tena, na mbwa ameshachomwa sindano ya kufa. Akanunua mikate, akaenda kumpa pole.

"Kosa ni langu, Nong," Leonora alisema, akimwita kaka kama watu wa huko wanavyomwita aliyewazidi umri. "Alilala chini ya cherehani, sikio linamuuma, mimi sina habari. Nikainama kuokota kitambaa."

"Hakunguruma?"

"Hata kidogo. Zamani angenguruma, nikaondoa mkono. Sijui nilimkosea nini mpaka akaacha kuniambia."

Rustico alimaliza kahawa yake, akaaga.

Siku tatu zikapita. Alikumbuka siku ya kwanza ya Kape uani: mbwa alinguruma, akakabwa, akamtazama kana kwamba anauliza amekosa nini. Na yeye Rustico alicheka. Lakini kilichomtafuna zaidi ni kile kikombe cha kahawa alichokimaliza bila kukiri. Alhamisi akarudi.

"Nang, kosa si lako," akasema, naye akimwita dada kwa heshima. "Mimi ndiye niliyemfunza kunyamaza. Kila alipotaka kuonya, nilimkaba. Ukali sikuutoa. Nilichotoa ni onyo."

Leonora alikuwa akihangaika kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Akaiweka chini.

"Juzijuzi ulikaa kwenye kiti hicho hicho, ukanywa kahawa yangu, ukaniacha nijilaumu."

"Ndiyo."

"Wako wangapi wengine kama Kape?"

Hakuwahi kuwahesabu.

"Basi nenda ukawatafute. Hapa kwangu umeshamaliza."

Akawatafuta, nyumba kwa nyumba, akiomba wenyewe wamruhusu kuwarudishia mbwa wao sauti. Muuza nyama mmoja alimwuliza tangu lini amekuwa padri. Akasema mbwa wake hana shida, katulia kama sanamu ya kanisani. Rustico akamwambia kwamba shida ndiyo hiyo. Yule bwana akafunga geti.

Waliomkubalia walikuwa wanne tu, mmojawao Filomeno, mwalimu mstaafu mwenye mbwa aitwaye Buko. Rustico alimwendea daktari wa mifugo, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, akaomba afundishwe upya. Akajifunza kukaa mbali, kutazama masikio na midomo, kurudi nyuma mbwa anapogeuza uso, na kumrushia vipande vya maini ya kuku. Mara nyingi mkono wake ulikwenda wenyewe kutafuta mnyororo, na kila mara uso ulimwaka kwa aibu.

Wiki ya sita, Filomeno alipopita karibu na bakuli la chakula, Buko alinguruma. Sauti ilitoka nzito, imekauka, kama ya mtu aliyeugua koo. Mwalimu akainua kandambili. Rustico akamshika mkono.

"Mwache, Mwalimu. Anasema nasi. Turudi nyuma."

Wakarudi nyuma wote wawili. Rustico akageukia ukuta ili mwenzake asimwone machozi.

Siku hizi wateja wamepungua, maana anaomba miezi na watu wanataka wiki mbili. Leonora anashona polepole, na kanisani hukaa upande mwingine. Jumapili iliyopita, mlangoni, alimwuliza Rustico jinsi Buko, ambaye habari zake alizisikia mjini, anavyoendelea. Rustico akajibu kwamba bado anaogopa ufagio. Leonora akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi.