Hedwiga, mpima maji wa Sekei aliyegoma kuweka saini

Saa mbili asubuhi, mtaani Sekei, Hedwiga Shirima anakifuta kichupa cha kioo kwa kitambaa laini. Anakiinua dirishani, anakikagua, anakifuta tena. Alama ya kidole ikibaki pale, itazuia mwanga, na maji mabaya yatapewa sifa yasizostahili.

"Hapa hata kidole changu mwenyewe sikiruhusu kuyatetea maji," anasema.

Hedwiga ni fundi wa maabara binafsi, na kazi yake kubwa ni kupima floraidi, yale madini yanayoharibu meno na mifupa ya watu wengi wa kando ya Mlima Meru. Anatia dawa nyekundu kwenye maji, kisha anakitumbukiza kichupa kwenye mashine. Mashine inapitisha mwanga na kusoma kiasi kilichomezwa na ile rangi. Floraidi huila rangi hiyo: ikiwa nyingi, wekundu unafifia.

Ugomvi wake ulianzia hapo. Mwezi uliopita, Mzee Ephraimu Nnko, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji kimoja cha Akheri, alileta maji ya kisima walichochimba kwa michango yao. Mashine ikasoma miligramu tisa kwa lita. Kiwango kinachoruhusiwa ni moja na nusu.

Mzee akaja juu. "Mwanangu, maji matamu yale, yanatoka mlimani! Andika yanafaa. Akina mama wamechoka kubeba ndoo."

"Shikamoo naitoa kwa moyo wote, mzee wangu," Hedwiga akamjibu, "ila saini sitoi."

Mzee akataka apime tena, yeye akishuhudia. Hedwiga akaweka vichupa viwili mezani: kimoja cha maji ya chemchemi iliyo salama, kingine cha kisima. Akatia dawa. Ya chemchemi yakabaki mekundu. Ya kisima yakafifia, yakawa meupe kabisa.

Mzee akapiga makofi. "Si unaona? Yetu ndiyo safi! Hayo mekundu nani atayanywa?"

Jamani! Ungekuwa wewe ungecheka. Hedwiga hakucheka. Alifunua midomo, akamwonyesha meno yake, ya kahawia mpaka kwenye fizi.

"Mzee, meno haya yamekunywa maji meupe kama hayo. Na niliyanywa huko huko kwenu Akheri."

Mzee Ephraimu akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo maneno hayajakauka. Wapo wanaosema ni Mchaga wa kuja, ana wivu na maendeleo ya Wameru. Wivu gani? Mama yake alikuwa nesi Akheri, na binti alizaliwa na kukulia hapo.

"Krismasi tukienda kwetu Rombo, binamu zangu waliniita Kutu," anasimulia. "Nikajifunza kucheka nimefunika mdomo. Sasa sifuniki. Anayetaka kutazama atazame."

Mwajiri wake amemsihi aachane nao, kazi yake ni kupima tu, mengine ni ya wenyewe. Kwa hili Hedwiga hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Na asisikie! Majibu ya maabara yamekaa kwenye kabati la kamati, na kisima kinazinduliwa Jumamosi hii. Watoto wa shule ya msingi wamepangwa wawe wa kwanza kunywa.

Yeye hataki kisima kifukiwe. Anataka kitumike kwa kufua na kufyatulia matofali, na kamati ianze kuvuta bomba la maji ya kunywa kutoka kwenye ile chemchemi. Amesema hivyo kwa simu, akaenda akasema kwa mdomo, hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo Jumamosi ameomba ruhusa kazini.

"Nitasimama pale pale kisimani," anasema. "Waniite mchawi, wanitoe na mgambo wakitaka. Lakini kikombe cha mtoto wa kwanza nitakimwaga chini, mgeni rasmi akiangalia."