Kaka Yangu Aliomba Kikombe cha Pili

Leo kaka yangu ameonja alichotaka kung'oa, akaomba aongezewe.

Kamau alikuja kwangu Kabiria, hapa Nairobi, kumshawishi mama, aliyekuwa amenitembelea, aing'oe miti ya kahawa ya marehemu baba shambani kule Kinoo, ili yeye ajenge nyumba za kupangisha.

Alichelewa kama kawaida yake. Hata pole hakusema.

Nilikuwa nimeshachuja kahawa zamani, kwa lile birika langu lenye chujio juu na tumbo linalotunza joto kama thamosi. Krismasi alilicheka mbele ya wageni: "Dada, umeacha chai ya maziwa ukawa mzungu wa Kabiria!"

Sikusahau. Mimi huwa sisahau.

Nikammiminia. Bado ilitoa mvuke.

"Mama, ile kahawa ya baba ni takataka," akaanza. "Nani huinywa?"

Akapiga funda. Akanusa kikombe.

"Lakini hii ni kahawa! Umeinunua wapi, kule Hurlingham kwa matajiri? Hebu niongezee."

Nikamwongezea mpaka juu, polepole.

"Ni ya Kinoo," nikasema. "Niliichuma mwenyewe, nikaikaanga kwa sufuria. Ni ile takataka yako."

Mngeona ule uso!

Mama ameichuma kahawa hiyo maisha yake yote bila kuionja. Akavuta kikombe cha Kamau, akanywa, akafumba macho.

"Miti inabaki," akasema. "Wewe nenda ukajenge kwako."

Kuna mwingine mwenye maoni kuhusu ile miti? Karibuni. Kahawa bado ni moto.