Kilichokuwa Chini ya Michembe

Kila nikiletewa michembe kutoka nyumbani, huingiza mkono kwenye mfuko hadi chini kabla sijapika. Msinicheke. Ile harufu ya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, yenye vumbi na utamu kidogo, huwakumbusha wengine bibi zao. Mimi hunifanya nitazame mikono ya watu.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi nje kidogo ya Mhunze, baba aliporudi kutoka machimboni karibu na Bulyanhulu. Duara, lile shimo walilokuwa wakichimba dhahabu, lilikuwa limetitia akiwa ndani na rafiki yake. Baba alitolewa mzima. Rafiki yake alitolewa maiti. Tangu hapo mashine ya kusaga ikiwashwa jirani, baba alichutama uani akiwa amejishika kichwa, na chumbani hakutaka kabisa kuingia, hadi mama akamwekea kitanda barazani.

Basi dada yake, shangazi Milembe, akahamia kwetu. Niseme ukweli: bila yeye tungelala njaa. Alipalilia mtama wetu, alikamua ng'ombe, na alimnyoa baba ndevu huku akimsimulia vituko vyao vya utotoni hadi baba akacheka. Ila alikwisha kuamua kwamba kaka yake amerogwa, na kwamba mchawi mwenyewe ndiye anayempikia uji.

Hakuna kilichompita. Mama aliaga kwamba anakwenda mnadani, akarudi bila hata nyanya moja. Shangazi aliona. Mama alianza kurudishia mlango wa jiko asubuhi. Shangazi aliona. Siku moja akanivuta nyuma ya zizi.

"Kabula, ng'wanone, mwanangu, nani anakupenda?"

"Wewe, sengi," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu.

"Basi mwangalie mama yako mkono. Akimtilia baba yako kitu kwenye uji, uje uniambie mimi. Mimi tu."

Nilijiona mtu mzima ghafla. Mama akiniosha uso, nilinusa viganja vyake. Akinimiminia uji, nilisubiri anywe yeye kwanza. Aliniuliza kama naumwa, nami nikaona hata swali hilo lina jambo ndani yake.

Siku ya tatu nilichungulia kwenye ufa wa ukuta wa jiko. Mama alizamisha mkono kwenye debe la michembe, akaibuka na bahasha ndogo ya kaki, akatoa kitu cheupe na kukifumba kiganjani. Alipompa baba kikombe, kiganja kile kilipita juu yake. Nilikimbia hadi kwa shangazi nikiwa sina pumzi.

Mama alipokwenda kisimani, shangazi alilipekua debe. Bahasha ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko ambao hata mimi wa darasa la tatu sikuweza kuusoma, sembuse shangazi ambaye hakujua kusoma. Vidonge alivimwaga chooni, bahasha akaitia kifuani, mimi akanipa pande la muwa. "Umemwokoa baba yako," akaniambia. Niliutafuna muwa ule kwa raha zangu zote.

Kesho yake mama aliimwaga michembe yote chini, akairudisha kidogo kidogo. Alinitazama, kisha akatazama chumba cha shangazi. Alipojitanda khanga ili aende mnadani, shangazi alisimama njiani. "Leo huendi kokote, Mama Kabula."

Wiki haikuisha baba akaacha kula na kulala. Mchana mmoja tulimkuta uani akifukua ardhi kwa mikono mitupu, akimwita rafiki yake kwa jina, kucha zinatoka damu. Nilimwogopa baba yangu, na nikazidi kumchukia mama yangu.

Shangazi akaita wazee wa ukoo ili mama arudishwe kwao. Mbele yao aliitupa ile bahasha tupu.

"Mama Kabula, unamlisha nini kaka yangu?"

Mama aliinama. Baba ndiye aliyenyoosha mkono uliofungwa vitambaa, akaiokota.

"Ni dawa zangu za hospitali," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyemkataza asiseme."

"Ukimficha nani, kaka?"

"Wewe, Milembe. Sikutaka unione kichaa."

Shangazi alilia kama msibani. Kesho yake alimpakia baba kwenye baiskeli, akaikokota mwenyewe hadi hospitali, mama akitembea pembeni. Baba alipata nafuu polepole. Na shangazi, hadi leo, huonja uji kabla baba hajanywa. Mama hakuwahi kuniuliza nani alisema. Alijua, na kuna siku natamani angenichapa.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba nyumba ile ilijaa watu waliompenda baba, na kila mmoja alimpenda kwa kujificha.

Sasa naishi Geita, na nina bahasha ya kaki ya kwangu. Nilipojifungua mtoto wa pili usingizi ulinitoroka, nikawa nalia bila sababu, daktari akaniandikia vidonge. Bila hata kufikiri, nilivificha kwenye mfuko wa michembe. Asubuhi moja nikageuka, nikamkuta binti yangu mkubwa mlangoni, ananitazama mkono kwa jicho ninalolijua vizuri.

Nikamwita. "Niletee maji, mwanangu. Kisha kaa hapa, uone mama yako anavyomeza dawa."