Koni Iliyokatwa Mshazari

Mwalimu wetu wa uchoraji wa ufundi alinichukia tangu wiki ya kwanza, nami sikuchelewa kumrudishia. Katika darasa lile la chuo, hapa Kasese, tulikuwa wasichana wawili tu. Mimi nilikulia kambini, ambako baba yangu askari tulimwita afande hata mezani. Mwalimu aliniita "mutoto ya jeshi". Nikinyoosha kidole, aliuliza nani amenipa amri ya kusema.

Muhula wa pili tulianza kukunjua maumbo. Unachora koni iliyokatwa mshazari, kisha unaichora tena kama ngozi iliyotandazwa, ili fundi aipime kwenye bati, akate, akunje, na kingo zikutane. Mwalimu aligawa duara la kitako sehemu kumi na mbili, akapandisha mistari hadi kileleni, halafu akaweka bikari kwenye mistari ya katikati na kupima pale pale ilipokatwa.

Nikaona kosa. Ukiitazama koni kwa mbele, ni mistari miwili ya pembeni tu inayoonyesha urefu wake halisi. Ile ya katikati inakuelekea au inakukimbia, kwa hiyo machoni inaonekana mifupi kuliko ilivyo. Kila pointi lazima uivute kwanza hadi pembeni kwa mstari wa mlalo, ndipo upime.

"Mwalimu, hapo urefu si wa kweli," nikasema.

Aliweka chaki chini. "Nani iliomba maoni yako?"

"Hakuna. Lakini ukikata bati hivyo, mdomo hautalala sawa."

"Basi leta bati Jumatatu. Ukishindwa, usikanyage tena hapa."

Jumamosi nikaenda Bwera, kwa fundi mmoja wa mabati aliyetoka upande wa Kongo. Alikuwa akigonga mfereji wa maji na hakuinua kichwa.

"Unatafuta nini? Hapa si mahali ya banamuke."

Nilimwambia mwanamke huyu anahitaji mkasi na vipande viwili vya bati chakavu. Alivitupa miguuni pangu. Nikakata koni moja kwa mchoro wa mwalimu, nyingine kwa mchoro wangu. Nilijichana kiganja, hakunipa hata kitambaa. Nilipomaliza kuzikunja, alizichukua, akazigeuza juu chini mezani. Yangu ikatulia. Ile nyingine ikayumba, maana mdomo wake ulikuwa umevimba pande mbili.

"Hii ya kuyumba ni ya nani?"

"Ya mwalimu."

"Huyo hajakata bati hata siku moja," akasema, akarudi kwenye mfereji wake.

Jumatatu nikaziweka koni zote mbili juu ya meza ya mwalimu. Darasa zima liliona. Mwalimu naye aliona; masikio yake yalibadilika rangi. Akachukua ile yangu, akaiweka sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino hadi ikawa bapa.

"Haya," akasema, "sasa imekunjuka."

Wakacheka. Msichana mwenzangu, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, alicheka hadi akafunika uso. Kicheko chake kiliniuma kuliko kile kisigino.

Kuanzia hapo kila kazi yangu ilirudi na sifuri, na mwalimu aliendelea kufundisha kosa lake. Nilivumilia kwa sababu mtihani wa mwisho ungesahihishwa na watu wasionijua. Wiki moja kabla yake, yule msichana alinifuata bombani nikifua.

"Dada, nionyeshe ile koni. Najua uko sawa."

"Muulize mwalimu."

"Nilicheka kwa kumwogopa."

"Basi endelea kumwogopa."

Akatazama povu kwenye beseni langu, kisha akaondoka. Siku ya mtihani, swali la koni likatokea. Nilivuta pointi zangu pembeni bila haraka, na kila nilipoinua macho niliwaona wenzangu wameinama, bikari zao zikipima katikati. Nilifurahi. Sitasema uongo juu ya hilo.

Mimi nilifaulu. Yule msichana na wengine wengi walianguka somo hilo, na kwao Kisinga hawakuwa tayari kumrudisha chuo. Mwalimu yupo bado, anafundisha.

Sasa nafanya kazi karakana moja karibu na Hima, nachora mifereji na mabomba ya bati. Mwaka jana nilikutana na yule msichana barabarani, malori yakitutimulia vumbi. Mgongoni alikuwa na mtoto. Hakunisalimu.

"Ilikuwa dakika kumi tu," akasema. "Ungenionyesha kwa dakika kumi."

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka mara moja. Wewe ulininyima kila kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba aliyetukosea sote wawili ni yule mtu wa chaki. Lakini mwalimu hakuwepo siku ile bombani, nilikuwepo mimi. Nikamwambia nina haraka, na sikuwa nayo. Alisimamisha boda boda, akapanda, akamkaza mtoto kwa leso, akaondoka bila kugeuka.