Gitaa Lenye Kidole Changu

Kwenye karakana yetu ya samani wananiita Kobe, kwa sababu mtu akinipazia sauti shingo yangu huzama mabegani. Nina miaka arobaini na tisa. Nilimaliza darasa la saba nikaanza kazi ya kusugua mbao kwa msasa, na baada ya miaka sita nikakabidhiwa bunduki ya kupulizia rangi. Tangu hapo napiga vanishi vitanda, makabati na meza. Kazi hii inanifaa. Ukishavaa barakoa, hakuna anayetegemea uzungumze.

Dada yangu hafanani na mimi hata kidogo. Amenizidi miaka saba, ni mshonaji, na siku za harusi anapiga gitaa la umeme katika bendi ya watu watano. Alipofiwa na mumewe watu walidhani ataliuza gitaa. Hakuliuza. Alilipiga mpaka shingo ya gitaa ikapinda na nyuzi zikawa hazikamatiki. Mwaka huu wenzake walichanga, wakamtuma akanunue jingine.

Jambo moja alikuwa ameniambia mimi peke yangu. Anaogopa masikio yake. Miaka thelathini ya cherehani mchana na spika jioni, na siku hizi wateja inabidi warudie neno mara mbili.

Alinikuta nyumbani nimekaa.

"Twende dukani. Mimi nitasikiliza, wewe utaangalia mbao."

"Sijui magitaa, dada."

"Gitaa ni kiti kisichokaliwa. Vaa viatu."

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Magitaa yalining'inia ukutani kama nyama buchani. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti laini, alishusha mawili akayalaza juu ya taulo. La kwanza lilikuwa jeusi tupu. La pili lilikuwa kahawia ukingoni, likififia mpaka rangi ya asali katikati, na bei yake ilikuwa mara nne ya lile jeusi.

"Hili jeusi ni la kujifunzia," alisema. "Hili lingine ni la fundi. Limetengenezwa kwa mkono, ng'ambo. Rahisi ni ghali, mama yangu."

"Na ghali je?" dada akauliza.

"Ghali unalia mara moja tu."

Dada alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeinama kulitazama lile la asali kwa karibu.

Miezi miwili nyuma, bosi wetu alileta viwiliwili kumi vya magitaa, mbao tupu bila shingo wala nyuzi. Vilikuwa vimesuguliwa rangi ya zamani, lakini kwenye pembe kulikuwa kumebaki weusi kidogo, nikaumalizia kwa msasa. Aliniagiza nipulize asali katikati na kahawia pembeni. Alisema ni kazi ya mteja wake. Hakusema zaidi, na mimi si mtu wa kuuliza. Kahawia yangu huwa naitia wekundu kidogo ili isionekane imekufa. Ile niliyokuwa naitazama haikuwa imekufa.

Nikajiambia, kahawia ni kahawia, dunia ina wapaka rangi wengi. Lakini njia ya kujua ilikuwepo. Fundi aliyenifunza alinizoesha kupima kama vanishi imekauka kwa kubonyeza kidole gumba mahali pasipoonekana: chini ya droo, nyuma ya kabati. Kwenye vile viwiliwili nilibonyeza ndani ya shimo la nyuma, lile linalofunikwa na kifuniko cha plastiki. Na gumba langu la kulia liliwahi kupita kwenye msumeno. Lina kovu linaloligawa katikati. Alama yake huwezi kuifananisha na ya mtu mwingine.

Nilitaka kushuka ngazi nikasubiri chini. Nikisema, bosi atapoteza mteja na mimi nitapoteza kazi. Mwenye duka anaweza kuita polisi, na polisi watauliza nani aliyepaka. Nikiwa nimekosea, nitakuwa nimemwaibisha dada mbele za watu.

Dada alichomeka waya kwenye spika, akapiga lile jeusi. Akapiga la asali. Akarudia wimbo uleule kwenye jeusi, akafumba macho, akarudia kwenye la asali. Halafu akazima.

"Sisikii tofauti," aliniambia polepole.

Mwenye duka alimsikia. "Masikio huchoka kama macho, mama. Wenzako wataisikia."

Dada aliyatazama yale magitaa. Uso wake ulikuwa kama siku ile alipopewa habari za mumewe, mkavu kabisa.

"Basi tufungie hili la ghali," alisema. "Nitawapelekea wamtafute mwingine wa kulipiga. Mtu asiyesikia hashiki gitaa."

"Naomba bisibisi," nikasema.

"Unasemaje, kaka?" mwenye duka aliuliza, maana sauti yangu ilitoka kama ya panya.

"Bisibisi. Nifungue nyuma."

"Likifunguliwa halina dhamana tena."

"Huyu mdogo wangu hajaomba kitu tangu azaliwe," dada alisema. "Mpe."

Hakunipa. Dada akapekua mkoba wake, akatoa bisibisi ndogo ya cherehani. Ilishika skrubu kwa shida. Zilikuwa nne. Ya tatu ilinidondoka, na nilipoinama kuiokota nikabaki pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kifuniko kilipotoka, alama ilikuwepo, na kovu katikati yake. Niliweka gumba langu kando ya shimo. Dada akatazama shimo, akatazama kidole.

"Hiki ni kidole chako."

"Ndiyo."

"Na chini ya hii rangi kuna nini?"

"Ni lilelile jeusi, limepakwa upya."

Akaanza kucheka chinichini huku anajifuta macho kwa mtandio. "Kwa hiyo nasikia."

"Unasikia vizuri, dada."

Mwenye duka hakupandisha sauti. Alininyang'anya kile kifuniko mkononi taratibu. "Bosi wako anajua kwamba uko hapa?"

Shingo yangu ikazama.

"Atajua tu," dada akasema. "Wewe tufungie hilo jeusi, kwa bei ya jeusi. Halina kosa, mwenye kosa ni wewe uliyesimama hapo."

Tulishuka ngazi yeye akiwa mbele na gitaa mgongoni, mimi nikigeuka nyuma kila hatua.

Jumatatu bosi hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinichukulia bunduki ya rangi mkononi, akanipa karatasi ya msasa. "Kobe, rudi ulikoanzia." Bunduki akampa mwingine. Ni mwezi wa tatu sasa nasugua, na vidole vimechubuka kama nilipokuwa na miaka kumi na tano. Polisi hawajaja. Lakini gari lolote likisimama getini, naacha kusugua nisikilize.

Chumba changu na cha dada vinatenganishwa na ukuta mmoja. Jana jioni alikuwa anajifunza wimbo mpya kwenye lile jeusi, ameweka sauti ndogo.

"Wewe," aliita kupitia ukutani. "Hapo unasikia nilivyovuta?"

Nilikuwa karibu kujibu, gari likasimama nje. Nikatulia. Dada akarudia kuvuta ule uzi, akarudia tena. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa, likaondoka.

"Nasikia," nikasema.