Nilivyomwimbisha Mfiwa Mbele ya Jeneza

Najua habari imeshawafikia, tena ikiwa imetiwa chumvi (eti jeneza liliimba, jeneza halikuimba), kwa hiyo bora muisikie kutoka kinywani mwangu, nikifunika uso kwa kiganja hivi hivi, kwamba ndiyo, ni mimi niliyemwimbisha Mzee Fideli mbele ya mwili wa mke wake.

Mkewe, Mama Liberata, ndiye aliyekuwa sauti ya pili kwenye kwaya yetu ya Kiswahili, na nilipofika Kigali kutoka Bukoba kufanya kazi ya stoo kule Masoro, sijui mtu, sijui Kinyarwanda hata cha kuomba maji ya kunywa, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwaya na kuniketisha kwenye kinanda. Basi alipofariki, na Mzee Fideli akaomba tumwimbie nyumbani kwao Busanza asubuhi kabla ya kumpeleka kanisani, nikaona wimbo huu lazima uwe mzuri kupita zote.

Lakini sauti ya pili ndiyo ilikuwa imelala ndani ya jeneza. Waliobaki kwenye sauti hiyo ni wawili tu, na (wasinisikie) wanawafuata wa sauti ya kwanza kama kondoo. Sasa kinanda changu kina ujanja wake: ukichomeka maiki kwa nyuma, kila unachoimba kinakiongezea sauti nyingine, kikifuata funguo unazoshika kwa mkono wa kushoto, na ukitoka nje ya noti kinakunyoosha na kukurudisha. Nikachagua sauti ya kike, nzito kidogo, nikaichezeachezea chumbani kwangu siku mbili mpaka ikakaribia kabisa ya Mama Liberata, nikaitunza humo ndani.

Mwalimu wetu wa kwaya, Inosenti, alisita. "Dada Rehema, hii haiko kudanganya watu ya msiba?"

"Marehemu mwenyewe angependa," nikamjibu. (Marehemu gani aliniambia? Nilijisemea tu.)

Na wimbo, jamani, ulikwenda vizuri mno, akina mama chini ya turubai wakaanza kulia, majirani wakatoka kwenye vibaraza vya ghorofa wakasimama kimya, na mimi, Mungu anisamehe, nikainua kidevu. Nilikuwa bado nimekiinua pale msemaji wa familia alipomwita Mzee Fideli atoe neno la mwisho, naye akachukua maiki iliyokuwa karibu, ambayo ni ileile yangu, na mimi sikuwa nimezima kitu, wala kuuondoa mkono wa kushoto kwenye funguo.

"Ndugu zangu, mimi na Liberata tulikutana Karagwe," akasema, na mwanamke akasema naye, neno kwa neno.

Akaitazama spika, kisha akaligeukia jeneza.

"Libe?" akaita, na ile sauti ikaita pamoja naye.

Hapo mzee akaanza kulia, na kinanda, kwa kuwa hakijui kilio ni nini, kikakinyoosha kile kilio, kikakipandisha noti kwa noti kama mtu anayejifunza ngazi za muziki, na huko juu kwenye kibaraza mtu akacheka, kisha benchi zima la mbele likainamisha vichwa, mabega yakiwatetemeka, na haikuwa kwa machozi. Nikabonyeza kitufe nilichodhani ndicho, kumbe ni cha jirani yake, ngoma ikaanza, magitaa yakaitikia, mdundo uleule niliopigia sherehe ya Jumamosi kule Gisimenti.

"Mana we!" Inosenti akapiga kelele, akimwita Mungu kwa Kinyarwanda. "Zima! Zima dada, iko inaimba yenyewe!"

Nilibonyeza kila kitu, nikaongeza kasi badala ya kuzima, hadi yeye mwenyewe akarukia waya akaung'oa ukutani, spika ikapiga mshindo ambao bado nausikia.

Nilisubiri mzee anitukane. Ningeshukuru. Alinisogelea maiki ikiwa mkononi, akaniuliza polepole, "Mwanangu, imekwenda wapi?"

"Baba, nisamehe, ni mashine tu ile."

"Najua ni mashine. Nimeuliza imekwenda wapi."

Shemeji yake akamshika bega akamrudisha kwenye kiti. Makaburini nilisimama nyuma kabisa, na tuliporudi kunawa mikono, kama ilivyo desturi ya huku baada ya kuzika, hakuna aliyenipa salamu.

Siku ya nne nikajikaza, nikaenda kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akaniuliza habari za kazi na za wazazi wangu, wala hakugusia jambo lile hata kidogo, nikaanza kuamini limepita. Niliposimama kuaga ndipo akasema, akiwa anatazama kikombe, "Siku ukipata nafasi, ulete kile kinanda. Nataka niongee na ile sauti kidogo, tukiwa peke yetu."

Nilikuwa nimeifuta. Jioni ileile ya mazishi, kwa aibu, niliifuta sauti ile yote, na nimejaribu mara nyingi tangu hapo kuitengeneza upya, inatoka ya mwanamke mwingine.

Nilimwambia ukweli. Akasema, "Basi, mwanangu, si kitu," akanisindikiza hadi mlangoni.

Maiki sitaichomeka tena kwenye kinanda, nimeapa. Mtu akitaka kuimba aimbe kwa koo alilopewa, na akitaka kulia nitamwachia alie, mikono yangu nimeikalia.